Namna ya Kufundisha Darasa Moja Lenye Mahitaji Mengi: Mwongozo kwa Walimu wa Shule za Msingi

Mwalimu wa Darasa la Tatu ameandika ubaoni 52 − 27, amewapa wanafunzi muda wa kukokotoa, kisha amekusanya madaftari. Wengi wamepata 25. Katika rundo hilo, hata hivyo, yamo madaftari mawili yenye jibu la 35, moja lenye 79, na jingine ambalo ukurasa wake umejaa vijistari vilivyopangwa safu kwa safu bila jibu lolote. Mwalimu mwenye haraka ataweka alama ya kosa katika yote manne na kusonga mbele. Akitulia na kuyasoma, ataona kwamba makosa hayo hayana undugu.

Mwanafunzi wa kwanza mwenye 35 ametoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu: saba toa mbili, tano toa mbili. Huyo hajaelewa kukopa kutoka makumi. Wa pili mwenye 35 ameandika katika daftari lake 57 − 22, na kwa hesabu aliyoiandika jibu lake ni sahihi kabisa. Shida yake ni kunakili, na swali la kumwuliza ni kama anauona ubao. Aliyepata 79 amejumlisha, ama kwa kutoiona alama ya kutoa iliyoandikwa kwa chaki hafifu, ama kwa kukimbilia namba kabla ya kusoma swali. Mwenye vijistari alichora 52, akaanza kukata kimoja kimoja, na muda ukamwishia njiani. Anajua maana ya kutoa kuliko yule wa kwanza, ila hajapata njia fupi.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Mbinu nzuri hutokana na kujua mahali hasa mtoto alipokwama, na baada ya kupajua, kinachobadilishwa kwanza ni namna somo linavyofundishwa, ili mtoto aingie nalo tangu mwanzo badala ya kufuatwa nyuma akiwa ameshaachwa.

Msingi wa kazi hii katika sera upo tayari. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, lililotolewa katika mkutano wa UNESCO nchini Hispania, lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, uliifanya elimu jumuishi, yaani ya watoto wenye ulemavu na wasio nao kusoma pamoja, kuwa haki. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliiingiza haki hiyo katika sheria za nchi. Kilichobaki kigumu ni darasa lenyewe. Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini kila mwalimu anajua madarasa yenye wanafunzi karibu mara mbili ya idadi hiyo, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016. Kwa hiyo hapa tunamfikiria mwalimu mmoja, wanafunzi 80, ubao, chaki na kipindi cha dakika 40. Ushauri unaohitaji mwalimu msaidizi na kompyuta hauna nafasi katika kurasa hizi.

Kuangalia kabla ya kuita majina

Huwezi kuwachunguza wanafunzi 80 kwa siku moja, ila unaweza kuwachunguza watano. Chagua watano kila siku, uwafuatilie kwa macho wakati darasa likifanya zoezi, na ndani ya wiki nne utakuwa umewapitia wote. Weka daftari dogo la kumbukumbu, na uandike humo kitendo ulichokiona badala ya hukumu. "Mzito" ni hukumu, nayo haikuelekezi pa kuanzia kesho. "Anasoma silabi za konsonanti moja bila shida, anakwama kwenye mbwa na ngwa" ni kitendo, na kesho unajua cha kumfundisha.

Mtoto asiyeona vizuri hukunja uso anapotazama ubao, huliinamia daftari hadi pua ikaribie kuligusa, au huacha kutazama ubaoni na kunakili kwa jirani yake, na mara nyingi huadhibiwa kwa kosa la kuibia. Mtoto asiyesikia vizuri huwatazama wenzake kwanza ndipo atende, hugeuza upande mmoja wa kichwa unapozungumza, au hutoa majibu yasiyohusiana na swali. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara halipaswi kuonekana jambo la kawaida la utotoni, kwa kuwa hupunguza usikivu kwa miezi mingi, na mtoto hupoteza masomo huku akiitwa mkaidi. Jaribio rahisi ni kusimama nyuma yake asipokuona, ukamwita kwa sauti ya kawaida wakati darasa limetulia. Hicho si kipimo cha kitabibu, lakini ni sababu ya kutosha ya kumwita mzazi.

Unapozungumza na mzazi, usianze na kasoro. Muulize juu ya maisha ya nyumbani, kwa maswali yanayojibika: "Mama, ukimwita akiwa amekupa mgongo, huitika? Ukimtuma vitu viwili dukani, huleta vyote viwili? Gizani hutembea kwa kupapasa?" Mzazi aliyeulizwa hivyo hujibu kwa uwazi, kwa sababu anaulizwa anachokijua, na mara nyingi atakueleza pia yale ambayo aliogopa kuyasema, kama vile homa kali ya utotoni au degedege. Baada ya hapo ndipo mnakubaliana ampeleke kituo cha afya au kliniki ya macho, na wewe unampa taarifa mwalimu mkuu ili ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri ahusishwe katika upimaji.

Kuna mipaka miwili ya kuzingatia hapa. Mwalimu hana mamlaka ya kutamka kwamba mtoto ana usonji (hali inayoathiri mawasiliano na mahusiano yake na watu) au ulemavu wa akili. Maneno hayo yana wataalamu wake, na yakitamkwa ovyo ofisini yatamfuata mtoto hadi mtaani. Kwa upande mwingine, mwalimu hana sababu ya kusubiri cheti cha daktari ndipo atende. Mtoto unayemshuku haoni ubao anahamia dawati la mbele leo hii.

Kuandaa somo kwa kuanzia kwa walio pembezoni

Desturi ya wengi ni kuandaa somo kwa ajili ya mwanafunzi wa kawaida, kisha kutafuta namna ya kuwasaidia wachache walioshindwa kulifuata. Njia yenye nafuu zaidi ni kinyume cha hiyo. Taasisi ya CAST ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1984, iliuendeleza mtazamo huu kwa nguzo tatu, ambazo mwalimu anaweza kuzigeuza kuwa maswali matatu ya kujiuliza anapoandika andalio la somo: ni kwa njia ngapi wanafunzi watalipata jambo hili, ni kwa njia ngapi wataweza kunionyesha wamelielewa, na ni nini kitakachomfanya kila mmoja atake kujaribu? Maswali hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji dakika chache za kufikiri kabla ya kuingia darasani.

Turudi kwenye 52 − 27 tuone somo lenyewe linavyoweza kwenda. Waombe wanafunzi walete vijiti siku moja kabla, na mvifunge pamoja kumi kumi kwa kamba za mgomba au mipira. Kila kikundi cha wanafunzi wanane kinapata vifungu vitano na vijiti viwili vilivyo peke yake. Waambie watoe vijiti saba. Haviwezekani, kwa kuwa viko viwili tu. Usiwape jibu, subiri. Baada ya muda kikundi kimoja kitafungua kifungu, na hapo ndipo kukopa kunapozaliwa mikononi mwao kabla hujakutaja. Sasa wana vifungu vinne na vijiti 12. Wanatoa saba, vinabaki vitano. Wanatoa vifungu viwili, vinabaki viwili. Wakati wao wanatenda, wewe unachora ubaoni mstari mrefu kwa kila kifungu na nukta kwa kila kijiti, na kando yake unaandika tarakimu, huku ukisema kwa sauti kila unachokiandika.

Tazama ni wangapi wameingia kwa mlango huo mmoja. Mtoto asiyeona ana hesabu mkononi mwake na ameisikia ikisemwa. Mtoto asiyesikia vizuri ameiona ikitendwa mbele yake. Mtoto ambaye Kiswahili bado kinampa shida amesikia "fungua", "toa" na "baki" pamoja na vitendo vyake. Yule wa vijistari amegundua kwamba kumi kinaweza kuhesabiwa mara moja. Hakuna somo la pili lililoandaliwa kwa ajili yao.

Katika zoezi, andika maswali yaleyale kwa wote, lakini ruhusu njia tatu za kuyafanya: kwa vijiti, kwa kuchora, au kwa tarakimu peke yake. Kila mwanafunzi achague, na ahame anapojisikia tayari. Usiyape makundi majina ya kupanga uwezo, kwa sababu hata ukiyaita Simba na Twiga, watoto hujua kufikia Jumatano kundi lipi ni la wanaoshindwa. Wale wanaomaliza mapema nao wana mahitaji yao, na kuwapa maswali kumi zaidi ya aina ileile ni kuwaadhibu kwa kuwa hodari. Wape kazi inayowalazimisha kufikiri kwa kurudi nyuma: tunga maswali matatu ya kutoa yenye jibu la 25 ambayo hayafanyiki bila kukopa. Atakayeandika 61 − 36 ameelewa. Atakayeandika 39 − 14 bado, na sasa umemgundua mtu ambaye alama zake zote za pata zilikuwa zimemficha.

Jambo moja linahitaji msimamo. Kumpunguzia mtoto maswali kutoka kumi hadi manne, kumwongezea muda, au kumruhusu ajibu kwa mdomo ni kubadilisha njia, na lengo la somo limebaki palepale. Kumpa mtoto wa Darasa la Tatu picha ya kupaka rangi ili atulie wakati wenzake wakijifunza kutoa ni kumwondoa darasani huku mwili wake ukiwa umeketi humo. Wapo watoto, hasa wenye ulemavu wa akili, ambao watahitaji lengo lao binafsi, kwa mfano kuhesabu vitu hadi 20 na kutambua noti za sokoni. Lengo hilo liandikwe, lijulikane na mzazi, na lipimwe kama malengo mengine yote.

Ubao, sauti na mahali pa kuketi

Mpangilio wa kuketi ni mbinu ya kufundisha, na ndiyo nafuu kuliko zote. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, mbele peke yake hakutoshi. Macho yake huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo dawati la mbele lililo kando ya dirisha linaweza kuwa baya kuliko la katikati. Mweke mbele, dirisha likiwa nyuma yake au mbali naye, mruhusu avae kofia yenye ukingo hata ndani ya darasa, na mruhusu ainuke kwenda hadi ubaoni wakati wowote anapohitaji kusoma, bila kuomba ruhusa kila mara. Mtoto huyu akilishika daftari karibu sana na macho asikatazwe. Hiyo ndiyo njia yake ya kukuza maandishi. Kalamu nyeusi yenye wino mzito na mistari ya daftari iliyokolezwa kwa rula humsaidia zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Shughuli za nje, kama michezo na bustani, zipangwe asubuhi mapema au kivulini, naye awe na mikono mirefu na kofia.

Andika ubaoni kwa herufi kubwa, zilizoachiana nafasi, na usijaze ubao hadi chini, ambako wa nyuma hawaoni. Soma kwa sauti kila unachoandika. Maneno "hapa", "pale" na "hiki" yakiandamana na kidole hayamfikii mtoto asiyeona. Sema "namba ya juu", "upande wa kulia", "mstari wa pili". Kama mtoto huyo anatumia nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole, mwambie mapema maneno magumu ya somo ili aweze kuyaandika kwa sleti yake kwa wakati, maana kuandika kwa kutoboa nukta moja moja huchukua muda mrefu kuliko kuandika kwa kalamu.

Kwa asiyesikia vizuri, uso wako ni sehemu ya somo. Usizungumze ukiwa umeugeukia ubao, wala usisimame dirisha likiwa nyuma yako, kwa kuwa uso wako utakuwa giza. Sema kwa mwendo wa kawaida. Kupiga kelele huharibu umbo la midomo na hakuongezi uelewa. Mwanafunzi mwingine anapojibu kutoka nyuma, rudia jibu lake, kwani asiyesikia hakulipata. Zoea hilo na utaona kwamba nusu ya darasa nayo haikuwa imelisikia.

Mtoto mwenye utindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo, mara nyingi anaelewa kuliko mkono wake unavyoweza kuandika. Miguu yake ikanyage kitu imara, hata kama ni tofali chini ya dawati; penseli izungushiwe kitambaa au mpira ili iwe nene; naye ajibu kwa mdomo au kwa kuelekeza kadi pale ambapo kuandika silo jambo linalopimwa. Mtoto asiyetulia aketi mbali na mlango, apewe agizo moja kwa wakati mmoja, na apewe sababu halali ya kuinuka: kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka chaki. Mwenye kifafa anapopata degedege darasani, ondoa madawati yaliyo karibu, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimzuie kwa nguvu, na angalia saa. Ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Siku inayofuata darasa lizima lielezwe kwamba kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa mate yake, vinginevyo kesho atakuta dawati lake limekimbiwa.

Kusoma: mahali wengi wanapopotelea

Hapa tukae kidogo, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma atashindwa katika masomo yote, na kwa sababu lugha yetu ina namna yake ya kumficha. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu. Herufi husomwa kwa sauti ileile karibu kila mahali, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye ugumu wa kusoma anaweza kusoma kila silabi kwa usahihi na bado asiwe msomaji. Anasoma "a-na-o-ge-le-a zi-wa-ni" bila kosa hata moja, na akiulizwa nani anaogelea wapi, hajui, kwa kuwa nguvu zake zote ziliishia kwenye kuunganisha silabi. Mwalimu anayepima usahihi peke yake humpitisha. Kwa hiyo sikiliza mwendo, na kila mara uliza swali la maana baada ya sentensi.

Wapo wengine ambao wamekariri kitabu kizima. Kuwatambua ni rahisi: andika maneno yasiyokuwapo, kama "tamupo" au "bilesa", uwaombe wayasome. Anayejua kusoma atayasoma huku akicheka, aliyekariri atakutazama.

Kusoma kwa pamoja darasa zima, ambako ni desturi yetu, kuna faida ya kumzoeza mtoto mdundo wa lugha na kumpa ujasiri. Hakufai kabisa kuwa kipimo, kwa kuwa sauti 60 huwafunika 20 kwa urahisi. Baada ya kusoma kwa pamoja, wapange wawili wawili, mmoja asome sentensi na mwenzake afuatilie kwa kidole, kisha wabadilishane, wakati wewe unapita na kuwasikiliza wale watano wa siku hiyo. Kipande cha karatasi kilichokatwa dirisha dogo linaloonyesha mstari mmoja tu humsaidia mtoto ambaye macho yake huruka mistari.

Kuna vikwazo viwili vya kudumu. Cha kwanza ni mfuatano wa konsonanti: mb, nd, nj, kisha mbw, ngw, nyw, na tofauti ya ngoma na ng'ombe. Visifundishwe vyote kwa wiki moja. Tengeneza kadi za silabi kwa maboksi ya dukani, umjenge mtoto kwa hatua: bu, mbu, mbuzi. Asikie kwanza, apige kofi kwa kila silabi, aandike kwa kidole mchangani, ndipo asome. Cha pili ni urefu wa maneno. Neno kama "hawakumtembelea" humtisha mtoto kabla hajalianza. Funika viambishi kwa kiganja, umwonyeshe "tembelea" peke yake. Akilisoma, funua "m", kisha "ku", kisha "wa", kisha "ha". Baada ya kufanya hivyo kwa maneno mengi, ataanza kulitafuta shina mwenyewe, nayo ni hatua kubwa kuliko kujua neno lolote moja.

Usichanganye ugumu wa kusoma na athari ya lugha ya nyumbani. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na watoto wengi wa vijijini hukutana na Kiswahili cha darasani wakiwa wameshakomaa katika lugha nyingine. Anayeandika "karamu" akimaanisha kalamu, au "mahari" akimaanisha mahali, anaandika anachokisikia na kukitamka nyumbani. Dawa yake ni kumsikilizisha maneno hayo mawili mawili, kula na kura, kalamu na karamu, akiokota picha inayostahili, pasipo kumcheka. Katika wiki za mwanzo za Darasa la Kwanza, mwalimu anayejua lugha ya mtoto aitumie kueleza neno jipya; ufafanuzi wa sekunde kumi kwa Kisukuma au Kimaasai unaweza kuokoa kipindi kizima.

Wenzake, na nidhamu

Katika darasa la wanafunzi 80, msaada mwingi utatoka kwa wanafunzi wenyewe, mradi ufundishwe. Mtoto asiyefundishwa kusaidia humpa mwenzake jibu. Mwoneshe maswali ya kuuliza: "Umefika wapi?", "Hatua inayofuata ni ipi?", "Nionyeshe kwa vijiti." Badilisha wasaidizi kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa anayemsomea asiyeona kila siku anapoteza masomo yake, na anayesaidiwa na mtu mmoja daima hana rafiki mwingine. Yule anayesaidiwa katika kusoma naye atafutiwe jambo ambalo atawafundisha wenzake, iwe ni kusuka, kuhesabu chenji au kutunza bustani ya shule.

Viboko havina nafasi katika ugumu wa kujifunza. Kanuni za adhabu hiyo nchini Tanzania zinahusu makosa makubwa ya nidhamu, na kushindwa kusoma si kosa la nidhamu. Mtoto anayechapwa kwa kutojua hujifunza kuficha kutojua kwake: atanakili, atanyamaza, atakuwa mtoro siku za Hisabati. Unapomkuta mtoto ameacha kujibu kabisa, ujue umepoteza chombo chako kikuu cha kujua alipokwama. Wala usimwite asome mbele ya wote bila kumpa nafasi ya kujiandaa. Mwambie asubuhi kwamba leo atasoma sentensi ya tatu, aifanyie mazoezi na mwenzake, kisha umwite.

Upimaji

Muulize mtoto kwa njia isiyoufanya ulemavu wake uwe ndio jibu. Ikiwa unapima uelewa wa mzunguko wa maji, anaweza kueleza kwa mdomo, kuchora, au kupanga kadi kwa mfuatano. Ikiwa unapima kuandika, basi aandike, hata kama ni sentensi mbili. Mazoea haya yaanze mapema, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na huandaa karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu. Haki hiyo haimfikii mtoto ambaye hakutambuliwa wakati wa usajili, na mtoto ambaye hajawahi kupewa muda wa ziada katika majaribio ya shule hajui kuutumia.

Pale ambapo darasa la kawaida halitoshi

Kuna jambo ambalo bidii ya mwalimu haiwezi kulifidia. Mtoto kiziwi asiyesikia kabisa, akiwekwa katika darasa ambalo hakuna hata mtu mmoja anayejua lugha ya alama, amenyimwa lugha yenyewe, si somo moja au mawili. Huyo anahitaji kuwa pamoja na viziwi wengine na walimu wanaojua lugha yake, kama ilivyo katika shule za viziwi za Buguruni na Tabora, au katika kitengo kilicho ndani ya shule ya kawaida. Kusema hivyo hakupingani na ujumuishi. Mtoto mwenye lugha ndiye anayeweza kujumuishwa baadaye. Wakati taratibu za uhamisho zikiendelea, jifunze alama za kila siku, uwafundishe wanafunzi wote, na ukumbuke kwamba Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili, hivyo viambishi vitakavyokosekana katika sentensi zake visahihishwe kama vya mtu anayejifunza lugha. Walimu waliosomea elimu maalumu, kama wahitimu wa Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, ni wachache kuliko mahitaji, lakini aliyeko katika shule jirani anaweza kukaribishwa na mwalimu mkuu kwa alasiri moja ya kuonyeshana kazi.

Mwishoni mwa mwaka, usiache ujuzi uliouchuma uishie kwako. Mwandikie mwalimu wa mwaka unaofuata nusu ukurasa kwa kila mtoto uliyemfuatilia, ukitaja anachoweza, kinachomsaidia na ulichokijaribu kikashindikana. Kwa mfano: "Anauona ubao akiwa dawati la mbele kulia, mbali na dirisha. Anasoma maneno ya silabi tatu vizuri. Yenye mbw na ngw bado. Hesabu za kutoa kwa kukopa anaziweza kwa vijiti, na ameanza kuchora. Akiitwa ghafla kusoma mbele ya wote hunyamaza. Akiambiwa asubuhi, husoma. Kumwongezea kazi za nyumbani hakukusaidia, kwa kuwa nyumbani hawana taa. Kadi yake ya kliniki ya macho iko ofisini kwa mwalimu mkuu, na tarehe ya kurudi ni mwezi Machi." Nakala moja ibaki katika faili la mwanafunzi, na nyingine ikabidhiwe mkononi kabla shule haijafungwa.